Mwongozo kamili: Kuiona feroelektriki ikibadilika kwa joto na kwa volti, kwa spea ya friji na kapasita za bei rahisi

Niliwahi kuhangaika siku mbili nzima na ubao mdogo wa kushusha volti 12 hadi 5. Mchoro ulitaka kapasita ya mikrofaradi 10 upande wa kuingilia. Niliyolehemu ilikuwa ya mikrofaradi 10, mkanda wake uliandikwa hivyo, na multimita nayo ikakubali. Nikiwasha, osiloskopu inaonyesha mawimbi ambayo kapasita ya ukubwa ule ilipaswa kuyameza. Nikabadilisha koili. Nikabadilisha IC. Nikamlaumu aliyeniuzia. Kumbe kosa lilikuwa langu: nilipima kapasita ikiwa haina volti hata moja juu yake, kisha nikaipeleka kazini kwenye volti 12. Kapasita ya seramiki ndogo kama punje ya mchele, ya aina ile, haibaki ile ile katika hali hizo mbili.

Ndani yake mna bariamu titaneti, na bariamu titaneti ni feroelektriki. Ukiipasha joto inabadilika, ukiiwekea volti inabadilika, na mabadiliko hayo mawili yanavutana. Mwongozo huu ni wa kuyaona mwenyewe mezani. Hauhitaji maabara. Osiloskopu inahitajika kwenye jaribio moja tu. Ukiwa huna, lipite, mengine yatakwenda.

Kilichomo ndani ya seramiki

Chukua mchemraba. Kwenye pembe zake nane weka ioni za bariamu, katikati ya kila uso weka oksijeni, na katikati kabisa ya mchemraba weka ioni ya titaniamu. Hicho ndicho chumba kimoja cha fuwele ya bariamu titaneti, na kinajirudia mamilioni kwa mamilioni ya mara kila upande.

Juu ya takriban 120 °C, titaniamu hukaa katikati kwa wastani. Pande zote za mchemraba zina urefu sawa na hakuna ncha chanya wala hasi. Ikipoa chini ya hapo, titaniamu husogea kuelekea mojawapo ya nyuso sita, na mchemraba hurefuka upande huo: pande mbili zinabaki kama angstromu 3.99 (angstromu ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita), wa tatu unafika 4.04. Ni asilimia moja tu, lakini inatosha kukipa kila chumba ncha chanya na ncha hasi bila kuunganishwa na betri yoyote. Vyumba jirani hufuatana, vinaunda maeneo yanayoelekea upande mmoja, yaitwayo vikoa. Uga wa umeme wenye nguvu ya kutosha unaweza kuvigeuza vikoa hivyo, na ukiuondoa vinabaki vilivyo. Uwezo huo wa kugeuzwa na kubaki ndio unaoifanya ihesabiwe feroelektriki.

Haiishii hapo. Karibu na 5 °C titaniamu inaacha kuelekea uso na kuelekea ukingo. Karibu na −90 °C inaelekea pembe. Kila mpangilio ni awamu yake, na kila mpaka ni badiliko la awamu. Halijoto ya mpaka ule wa juu, 120 °C, huitwa halijoto ya Curie.

Jina lenyewe linapotosha kidogo. "Fero" ni chuma, na humu hamna chuma. Liliazimwa kutoka kwenye sumaku kwa sababu tabia zinafanana. Aliyeiona tabia hii kwanza ni Joseph Valasek wa Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1920, kwenye chumvi ya Rochelle. Chumvi hiyo ina vituko: ni feroelektriki kati ya −18 °C na 24 °C tu. Kwenye baridi ya Minneapolis, mji wa chuo hicho, hilo halikumsumbua. Ungeiweka mezani Dar es Salaam mchana wa Januari, ungepima ukachoka usione kitanzi chochote (kile kinachochorwa na chaji ikienda na kurudi kwa njia mbili tofauti, utakiona kwenye jaribio la 4), maana imeshavuka mpaka wake wa juu. Kwa hiyo usianzie huko. Bariamu titaneti iliyokuja katika miaka ya 1940 ni ngumu, haiyeyuki kwenye maji, na umeshaimiliki bila kujua.

Jambo moja la kubeba kichwani kabla ya kushika vifaa. Fikiria gololi ndani ya bakuli. Katika joto kali bakuli lina kitako kimoja, katikati, na gololi inatulia hapo. Likipoa, katikati panainuka na vitako viwili vinatokea pembeni, gololi inalazimika kuchagua. Nadharia ya Landau ya mwaka 1937, ambayo Ginzburg na baadaye Devonshire mwaka 1949 waliiingiza kwenye feroelektriki, ndiyo hesabu ya bakuli hilo. Joto linaisukuma gololi irudi katikati. Uga wa umeme unaliinamisha bakuli na kuivuta pembeni. Na pale karibu na mpaka, kitako kikiwa kipana na bapa, mguso mdogo wa volti unaisogeza gololi mbali sana. Ndiyo sababu uwezo wa kuhifadhi chaji hupanda ghafla jirani na halijoto ya Curie.

Vifaa

Rilei ya PTC (yenye kidonge ambacho ukinzani wake hupanda joto likipanda) kutoka kwenye kompresa ya friji iliyokufa; mafundi wa friji wanazo kwenye kopo la takataka. Kapasita za seramiki za tabaka nyingi za 104 (yaani nanofaradi 100) za volti 50, aina ya Y5V au Z5U (ni misimbo ya aina za seramiki, nitaifafanua mwishoni), kama tano. Moja ya X7R na moja ya C0G za kulinganishia. Kapasita mbili za plastiki za mikrofaradi 1, volti 63 au zaidi. Rezista za megaohm 1 na kiloohm 1. Betri nne za volti 9. Multimita, na kipima LCR kidogo (cha koili, kapasita na rezista) kinachopima kwa 1 kHz. Kipimajoto cha themokapo. Transfoma ndogo ya 12-0-12. Mafuta ya alizeti nusu lita, barafu, chumvi.

Usichukue mafuta ya nazi. Yataganda kwenye barafu na utabaki unakwangua kapasita kama unatoa ukoko.

Kuhusu kuzitambua Y5V: wauzaji wengi hawajui, na siku hizi X7R zimejaa kuliko zote. Ibane miguu ya kapasita kwenye kipima, kisha ishike mwili wake kwa vidole viwili bila kugusa miguu. Tarakimu zikianza kuteremka kwa joto la vidole tu, umeipata. Isipotikisika, ipulizie hewa ya moto ya kukaushia nywele: ikipoteza nusu au zaidi ni Y5V au Z5U, ikiyumba kidogo ni X7R, ikikaa kimya ni C0G. Hiyo C0G si feroelektriki kabisa, na ndiyo maana tunaihitaji kama shahidi.

Jaribio la 1: Badiliko la awamu kwa multimita peke yake

Ninaanza na PTC kwa sababu ndilo jaribio lisiloshindwa. Fungua rilei, ndani utaona kidonge cha kijivu mfano wa sarafu, kimebanwa na springi mbili. Ni bariamu titaneti iliyochanganywa kitu kidogo ili ipitishe umeme. Usikisage wala kukikata, kwani baadhi ya vidonge hivi vina risasi ndani.

1. Bana kidonge kwa klipu mbili za chuma, moja kila uso. Ondoa kabisa plastiki ya klipu. Waya uwe wa shaba tupu au wenye ala ya Tefloni. Ala ya kawaida italainika ndani ya mafuta.

2. Tumbukiza kwenye sufuria ndogo yenye mafuta makavu, juu ya jiko la umeme, si la moto wa wazi. Ncha ya themokapo iguse karibu na kidonge, isiguse kitako cha sufuria. Tone la maji likiingia kwenye mafuta ya 130 °C litaruka usoni kwako, kwa hiyo kausha kila kitu na vaa miwani.

3. Pasha polepole. Andika ukinzani kila nyuzi 10 mpaka 90 °C, kisha kila nyuzi 2. Usivuke 150 °C.

4. Zima jiko, endelea kuandika wakati inapoa.

Mwanzoni utasoma ohm chache au makumi ya ohm, na cha ajabu zitashuka kidogo kadiri joto linavyopanda. Usikate tamaa. Ukikaribia mpaka, tarakimu zinasimama, zinageuka, halafu zinakimbia: mamia, maelfu, makumi ya maelfu, ndani ya nyuzi chache. Mara ya kwanza nilidhani klipu imechomoka.

Kilichotokea ni hiki. Kidonge kimeundwa na chembe nyingi zilizoshikana, na kwenye mpaka wa chembe na chembe kuna ukuta wa chaji unaozuia elektroni. Chini ya halijoto ya Curie, pemitiviti kubwa (uwezo wa seramiki kuhifadhi chaji) na chaji za upolarishaji (kule kujipanga kwa ncha chanya na hasi) zinaufanya ukuta huo uwe mfupi. Ukivuka, upolarishaji unatoweka, pemitiviti inaporomoka, ukuta unanyanyuka. Halijoto ya kukimbia inategemea kiwanda: wakiweka strontiamu inashuka chini ya 120 °C, wakiweka risasi inapanda.

Fundi friji anaitumia awamu hii kila siku. Kompresa ikiwaka, mkondo unapita kwenye PTC kwenda kwenye koili ya kuanzia. Kidonge kinapata joto, kinavuka mpaka wake, kinajifunga chenyewe. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde kumi, kidonge bado kiko upande wa moto wa mpaka, koili ya kuanzia haipati kitu, na friji inabaki kuvuma bila kuwaka. Ule ushauri wa kusubiri dakika tano una sababu nyingine pia, shinikizo la gesi, lakini sehemu yake ni kusubiri kipande cha bariamu titaneti kirudi kwenye awamu yake.

Linganisha sasa safari ya kupanda na ya kushuka. Mara nyingi mistari haikai juu ya mwenzake. Sehemu ya tofauti ni uzembe wetu: katikati ya kidonge hupasha na kupoa ikichelewa nyuma ya themokapo. Rudia kwa mwendo wa nusu na tofauti hiyo itapungua. Kwenye fuwele safi ya bariamu titaneti, hata ukienda polepole kiasi gani, bado inabaki tofauti ya nyuzi kadhaa, kwa sababu badiliko hili ni la daraja la kwanza: karibu na mpaka, kitako cha katikati na vya pembeni vinakuwepo pamoja, na gololi inang'ang'ania kilipo mpaka isukumwe.

Jaribio la 2: Kilele cha kapasitansi

Y5V na Z5U zimetengenezwa kwa kuichanganya bariamu titaneti, mara nyingi na zirkoniamu, ili halijoto ya Curie ishuke kutoka 120 °C hadi karibu na joto la chumba. Viwanda vilifanya hivyo kusudi, kuchota pemitiviti kubwa iliyoko kileleni. Kwetu ni zawadi: kilele kinafikika kwa barafu na maji ya moto.

Lehemu waya mfupi kwenye miguu ya kapasita, izamishe kwenye kikopo cha mafuta pamoja na themokapo. Weka kikopo kwenye bakuli la barafu iliyopondwa na chumvi nyingi. Utafika −10 °C au chini kidogo bila shida. Acha ipande yenyewe hadi joto la chumba, ukisoma kila nyuzi 3, kisha hamishia kikopo kwenye maji ya moto na uendelee hadi 80 °C. Koroga mafuta kabla ya kila kusoma. Hatua hiyo watu huiruka, halafu wanalalamika grafu yao ina meno ya msumeno.

Chora. Kapasita inapanda kutoka kwenye baridi, inafika kileleni mahali fulani karibu na joto la chumba, inateremka upande wa pili hadi kubaki sehemu ndogo. Kilele hakitakuwa kikali kama cha kwenye vitabu. Mchanganyiko haulingani kila mahali, kwa hiyo kila chembe ina mpaka wake, na unachokiona ni jumla ya vilele vingi vidogo.

Upande wa moto, vuta mstari mmoja zaidi: badala ya kapasitansi, chora 1 gawanya kwa kapasitansi dhidi ya halijoto. Nadharia inasema pemitiviti ε = C/(T − T₀), ambapo T ni halijoto, T₀ ni halijoto iliyo karibu na ile ya Curie, na C, ambayo hapa si kapasitansi bali namba isiyobadilika, kwa bariamu titaneti safi ni takriban 150,000. Nyuzi 20 juu ya T₀ ni 7,500. Nyuzi 100 juu ni 1,500. Kinyume chake ni mstari ulionyooka. Kwako utanyooka mbali na kilele na kupinda ukikikaribia, na kule kupinda ndiko kunakoonyesha mchanganyiko usiolingana niliousema.

Rudia kwa X7R, haraka haraka, utaona mteremko mdogo tu. Kwa C0G hutaona kitu. Ukiona kitu kwenye C0G, tatizo liko kwenye waya wako.

Jaribio la 3: Volti

Hapa ndipo ubao wangu uliponishinda. Tunataka kuiwekea kapasita volti za moja kwa moja na wakati huo huo kuipima, bila volti hizo kuingia kwenye kipima. Dawa ni kapasita ya plastiki kama mlango: inapitisha ishara ya 1 kHz, inazuia volti tulivu.

Unganisha hivi. Mguu mmoja wa kapasita yako (tuiite Cx) uende kwenye hasi ya betri na kwenye waya mweusi wa kipima. Mguu wa pili uungane na mguu wa kapasita ya plastiki ya mikrofaradi 1 (Cb). Mguu wa pili wa Cb uende kwenye waya mwekundu wa kipima. Kutoka pale Cx na Cb zinapokutana, rezista ya megaohm 1 iende kwenye chanya ya betri.

Kabla ya kuunganisha betri, funga waya mbili za kipima kwa klipu, ziguse. Unganisha betri, hesabu kumi, ndipo ufungue klipu na usome. Kila ukibadili volti, rudia vilevile. Nimeshaunguza kipima kimoja kwa kuona hii klipu ni usumbufu: chaji ya kwanza ya Cb hupita moja kwa moja ndani ya kipima. Ukimaliza, ondoa betri na uunganishe miguu ya Cb kupitia rezista ya kiloohm 1 kabla ya kuishika.

Namba unayosoma ni ya kapasita mbili zilizofuatana, kwa hiyo Cx = Cm × Cb / (Cb − Cm). Ukisoma nanofaradi 90.9, Cx ni 100. Usitumie multimita inayopima kapasita kwa kuichaji na kuhesabu muda; rezista ya megaohm itaivuruga.

Soma kwa 0, 9, 18, 27 na 36 V. Y5V itaanguka vibaya. Kupoteza zaidi ya nusu ni jambo la kawaida. X7R ya ukubwa huo huo wa umbo itaanguka pia, kwa unyenyekevu zaidi. C0G haitasikia. Ukirudi 0 V, tazama kama inarudi ilipoanza mara moja au inachukua muda wake. Mara nyingi inachelewa, kwa sababu vikoa vilivyogeuzwa na uga havirudi vyote kwa pamoja.

Bakuli linaeleza: uga umeliinamisha, gololi imebanwa kwenye ukuta ulio mkali, na ishara ndogo ya kipima haiwezi tena kuisogeza. Kinachoamua ni uga, yaani volti gawanya kwa unene wa tabaka. Ndiyo sababu kapasita mbili zilizoandikwa "10 µF 16 V X5R", moja kubwa na moja ndogo mno, zinatofautiana sana zikiwekwa 12 V. Ile ndogo imepata udogo wake kwa kukonda tabaka.

Jaribio la 4: Kitanzi cha histerisisi

Saketi hii ilibuniwa na Sawyer na Tower mwaka 1930, kwa chumvi ya Rochelle, na mpaka leo hakuna iliyo rahisi zaidi. Ncha moja ya transfoma (24 V, kutoka mwisho hadi mwisho wa 12-0-12) iende kwenye rezista ya kiloohm 1, kisha Cx, kisha kapasita ya plastiki ya mikrofaradi 1, kisha ncha ya pili ya transfoma. Ncha hiyo ya pili ndiyo ardhi ya osiloskopu. Chaneli ya 1 (probu ya ×10) iguse kabla ya Cx, chaneli ya 2 iguse kati ya Cx na kapasita ya plastiki. Weka osiloskopu kwenye XY, ichore chaneli moja dhidi ya nyingine.

Upande wa transfoma unaoingia ukutani uwe umefunikwa kabisa, hauna waya wazi hata milimita. Transfoma ndogo isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilichoandikiwa, kwa hiyo kilele kinaweza kukaribia 40 V. Kapasita ya volti 50 inavumilia. Ya 25 usiithubutu.

Kwanza weka C0G au kapasita nyingine ya plastiki mahali pa Cx. Lazima uone mstari ulionyooka. Ukiona yai, kuna hitilafu ya probu au ya kuunganisha, na kila kitanzi utakachokiona baadaye kitakuwa cha uongo. Mstari ukinyooka, ndipo uweke Y5V.

Utaona umbo la S lililolala, jembamba. Mlalo ni volti, wima ni chaji: kila volti 1 ya chaneli ya 2 ni mikrokulombu 1. Mwinuko wa S mahali popote ni kapasitansi ya volti hiyo: katikati ni mkali, ncha mbili zimelala. Jaribio la 3 lote limo humo, limechorwa mara 50 kwa sekunde. Chaji huwezi kuigeuza kuwa upolarishaji kwa sentimita ya mraba, kwani hujui eneo la tabaka zote za ndani. Tosheka na chaji.

Sasa weka barafu. Kapasita iwe kwenye kikopo cha mafuta kama awali. Kadiri inavyopoa, S inafunguka katikati na kuwa kitanzi: kwenda na kurudi havipiti njia moja, na volti ikiwa sifuri chaji haiko sifuri. Huo ndio upolarishaji unaobaki. Pasha hadi 70 °C, kitanzi kinafumba, kinakuwa uzi, na uzi unalala. Umeitoa kwenye awamu moja na kuiingiza nyingine huku ukitazama. Kama una kitu kimoja tu cha kumwonyesha mwanafunzi, mwonyeshe dakika hizi mbili.

Usijaribu saketi hii kwa kidonge cha pizo cha buza. Ile ni seramiki ya risasi, zirkoniamu na titaniamu, ina unene wa sehemu ya milimita, na inahitaji mamia ya volti kugeuka. Kwa volti 24 utaona mstari tu na kudhani imekufa.

Joto na volti kwa pamoja

Rudi kwenye saketi ya jaribio la 3, weka 27 V zisiondoke, na urudie jaribio la 2 lote, barafu hadi 80 °C. Inachukua saa nzima na inachosha. Chora juu ya karatasi ile ile ya grafu ya 0 V.

Kilele kimekatwa kichwa, na kilichobaki kimehamia upande wa joto. Kwenye moto mkali, mistari miwili inakaribiana. Uga umeisaidia awamu yenye ncha kuishi kwenye joto ambalo peke yake isingeishi. Kwenye fuwele safi ya bariamu titaneti, Walter Merz alipima jambo hili mwaka 1953: mpaka unapanda takriban nyuzi 1.4 kwa kila kilovolti 1 kwa sentimita. Juu kidogo ya halijoto ya Curie aliona kitu kizuri zaidi, vitanzi viwili badala ya kimoja, kimoja kila upande wa sifuri. Bila volti, fuwele haina ncha. Volti ikipanda inaingia kwa ghafla kwenye awamu ya feroelektriki, ikishuka inatoka, na upande hasi inafanya vivyo hivyo. Kwenye kapasita yako ya dukani, yenye mchanganyiko usiolingana, usitegemee kuviona viwili.

Unaponunua kapasita kesho

Herufi ya kwanza ni baridi ya mwisho: X ni −55 °C, Y ni −30, Z ni +10. Tarakimu ni joto la mwisho: 5 ni 85 °C, 7 ni 125. Herufi ya mwisho ni kiasi cha kuyumba: R ni asilimia 15 juu au chini, U ni +22 hadi −56, V ni +22 hadi −82. Yote hayo ni bila volti. Msimbo hausemi lolote kuhusu uga. Hilo liko kwenye grafu ya mtengenezaji, na wengi wao wanaiweka wazi mtandaoni. Kwenye ubao wangu nilimaliza kwa kuweka mbili za umbo kubwa zaidi, za volti 25, kando kwa kando.

Kitu cha mwisho kitakachokuchanganya: kapasita uliyotoka kuilehemu itasoma juu kuliko ilivyokuwa kwenye mkanda. Haijapona wala haijaharibika. Joto la lehemu limeivusha halijoto ya Curie, vikoa vyake vimepangwa upya kutoka mwanzo, na kuanzia sasa itazeeka tena taratibu. Kwa X7R ni asilimia kama mbili na nusu kila muda ukizidishwa mara kumi, saa 1 hadi 10, 10 hadi 100. Ipime baada ya siku moja, ndipo uandike namba.